Nakala ya Nne

Nililipwa rupia mbili
kuchapa malalamiko ya watu wanaokula siagi.

Ofisi ya wakili, orofa ya pili, Ndia Kuu,
mashine ya chapa ambayo herufi R imevunjika mguu,
na Bwana Tredweli akitembea, dirishani hadi mlangoni,
akisema kwa sauti kama imamu asiye na maamuma:
Sisi tuliotia sahihi hapa chini, raia watiifu,
kwa unyenyekevu mkubwa twaliomba Bunge...
Unyenyekevu niliuchapa mara tatu,
na mara zote tatu alipiga meza.

Kwanza reli. Reli yawanyonya, asema.
Tani moja ya katani, Voi hadi Kilindini,
nauli yake yazidi ya Kilindini hadi Landani.
Nikachapa. Kila reli ikaanza kwa kuchechemea.
Binamu yangu Mbaruku alimwaga mchanga tuta la Makupa,
akaacha vidole viwili chini ya taruma.
Nikangoja vitajwe.
Tukafika ukurasa wa tatu.

Kisha migodi. Iko risasi vilimani, nyuma ya Mazeras,
si ya bunduki bado, ingali jiwe,
na Serikali yataka ada ya leseni! Dhuluma gani hii,
mtu kutozwa kwa kuchimba alichokigundua mwenyewe?
Aliyemwonyesha jiwe ni kijana mchunga mbuzi.
Huyo hakuenea katika sentensi.

Kisha ardhi. Miaka tisini na tisa haimtoshi,
ataka milele, tena aitaka kwa maandishi.
Akaanza orodha ya viwanja, nami namfuata kwa vidole:
cha kumi na saba, Changamwe, ekari arubaini,
kutoka kisima kibovu hadi njia ya reli,
tupu.

Kisima hicho nakijua. Si kibovu.
Ndoo yake hulala ndani kwa shangazi Mejumaa
tangu ile ya kwanza ilipoibiwa.
Minazi yake sitini na miwili,
mmoja umepinda, kuku hulala juu yake.

Ningeweza kukosea herufi. Mkono ulinishauri.
Lakini rupia mbili, na mke ana mimba ya miezi minane.
Nikachapa tupu, sawasawa,
nikaipiga nukta yake hadi karatasi ikatoboka.

Nakala tatu: ya Bunge, ya Gavana, ya wakili.
Sahihi thelathini na nne, zote zimelalia upande mmoja
kama nyasi zilizopitiwa na mkokoteni.
Ya nne hakuiagiza mtu. Ile karatasi ya kaboni
niliikunja ndani ya kofia, nikavuka nayo Makupa.

Shangazi hasomi Kizungu. Akaiinua mbele ya kibatari.
"Mbona ina matundu ya nuru?"
Ndimo yalimopita maneno.
"Na hapa je?" Dole lake juu ya kumi na saba.
Hapo wamesema hapana kitu.
Akaendelea kukuna nazi hadi ikabaki kifuu.
"Hapana kitu. Na mimi nioshaye vyungu hapa ni jini?"
Karatasi hakunirudishia. Aliifunga pembeni mwa leso.

Jibu lilikuja kwa meli, miezi saba baadaye, mistari miwili:
ombi limepokewa, ombi limewekwa mezani.
Bwana Tredweli alivunja kikombe.
Mwanangu alikuwa ameshaota meno.

Lakini wapimaji hawakuingoja meza.
Juma lile lile la chapa walifika Changamwe
na minyororo yao na mwavuli.
Walimkuta shangazi minazini, mkono mweusi,
akishika mti mmoja, akisogea, akishika mwingine,
kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.
Mpimaji akainama. Alama za dole gumba,
mti hadi mti, hata ule wa kuku.
Akauliza huu ni ugonjwa gani wa minazi.
Hakujibiwa.
Akafungua daftari, akauandika:
minazi, sitini na miwili,
yote ina madoa.